Uziwi wa uzeeni

Uziwi wa uzeeni (kwa lugha ya kitaalamu presibikusisi) ni kupungua kwa uwezo wa kusikia kunakomjia mtu polepole kadiri umri unavyosonga, kwa kawaida katika masikio yote mawili pamoja. Hauna dawa ya kuuondoa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba zaidi ya robo ya watu waliopita umri wa miaka 60 wana upungufu wa kusikia unaowatatiza katika maisha ya kila siku.

Wengi wao wangeweza kusaidiwa na kifaa cha kusikia, ambacho katika elimu maalumu nchini Tanzania huitwa shimesikio. Hata hivyo ripoti ya WHO ya mwaka 2021 ilikadiria kwamba kati ya watu wote duniani wanaohitaji kifaa hicho, ni asilimia 17 tu wanaokitumia. Umaskini ni sababu kubwa, lakini hauelezi yote: hata pale watoto wanapokuwa tayari kulipa, wazee wengi hukataa. Makala hii inahusu hali yenyewe, sababu za kukataa huko, na namna familia inavyoweza kumsaidia mzazi akiwa amekubali kifaa au hajakubali.

Jinsi sikio linavyozeeka

Sauti hupita kwenye tundu la sikio na kutikisa ngoma ya sikio. Mtikisiko huo hupokewa na vifupa vitatu vidogo, navyo huupeleka ndani kwenye koklea, kiungo kilichojikunja kama nyumba ya konokono na kujaa majimaji. Humo zimepangwa seli za vinyweleo, kiasi cha 15,000 katika kila sikio, ambazo hugeuza mtikisiko kuwa ishara za neva ziendazo kwenye ubongo. Idadi hiyo ni ndogo sana ikilinganishwa na seli za kupokea mwanga katika jicho, ambazo huhesabiwa kwa mamilioni. Kuku na ndege wengine huweza kuotesha seli mpya za vinyweleo pale za zamani zinapokufa. Binadamu hawezi, hivyo zile anazozaliwa nazo ndizo anazozeeka nazo.

Seli zilizo mlangoni mwa koklea hupokea sauti nyembamba, na zile za ndani kabisa hupokea sauti nene. Mwendo wa mawimbi ndani ya koklea ulichunguzwa na Georg von Békésy, mzaliwa wa Hungaria, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1961. Seli za mlangoni ndizo huchakaa kwanza. Kwa hiyo mzee huanza kupoteza sauti nyembamba, kama mlio wa nyenje au mlio wa simu ndogo, huku akiendelea kusikia vizuri lori likipita au ngoma ikipigwa kijiji cha pili.

Umri hauko peke yake. Urithi wa ukoo, kisukari, shinikizo la damu na uvutaji wa sigara huchangia. Kelele huchangia zaidi: sauti ya desibeli 85, kama ilivyo karibu na mashine nyingi za kusaga, huweza kuharibu sikio la mtu anayeisikia saa nane kwa siku kwa miaka mingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Mmarekani Samuel Rosen na wenzake waliwapima Wamabaan, watu walioishi mbali na mashine katika eneo ambalo leo ni sehemu ya Sudan Kusini, wakakuta kwamba wazee wao wanasikia vizuri kuliko wazee wa Marekani. Chakula na afya ya mishipa ya damu navyo vilikuwa tofauti, kwa hiyo kelele haiwezi kubeba lawama yote. Utafiti huo ulionyesha tu kwamba kiwango cha uziwi tunachokizoea mijini hakiletwi na miaka pekee.

Dawa fulani pia huua seli za vinyweleo. Miongoni mwake ni sindano za streptomycin, zilizotumika sana kutibu kifua kikuu, pamoja na gentamicin na dawa ya saratani iitwayo cisplatin. Mzee aliyewahi kutibiwa kwa dawa hizo miaka mingi iliyopita anafaa kumweleza daktari.

Anachosikia na asichosikia

Familia nyingi hudhani kwamba mzee mwenye uziwi huu husikia kila kitu kwa sauti ndogo, kama redio iliyopunguzwa. Sivyo. Anasikia sehemu moja ya neno na kukosa nyingine. Katika usemi, irabu (a, e, i, o, u) zina nguvu na ni nene, nazo humfikia. Konsonanti kama s, t, f, k, h na sh ni hafifu na nyembamba, nazo ndizo hupotea. Mzee husema kweli kabisa anapodai kwamba anasikia watu wakiongea ila hawatamki vizuri.

Kiswahili kina ugumu wake hapa. Karibu kila silabi huishia na irabu, na tofauti ya maana mara nyingi hubebwa na konsonanti moja tu. Pata, kata na taka huwa neno moja lisiloeleweka. Sita na tisa zina irabu zilezile katika mpangilio uleule. S na t zikipotea, hakuna cha kuzitofautisha. Mzee aliyeambiwa anywe dawa saa tisa huweza kuinywa saa sita, na aliyeandikiwa kliniki tarehe 6 huweza kwenda tarehe 9, kisha akaambiwa kwamba akili imeanza kuchoka. Hatari kubwa zaidi imo katika kukanusha. “Daktari hatakuja” na “daktari atakuja” zimetenganishwa na h, sauti dhaifu kuliko karibu zote katika lugha, na kuna wasemaji ambao tangu utotoni hawaitamki kabisa. Mzee husikia kinyume cha alichoambiwa, hajui kwamba amekosea, na hivyo haulizi.

Sauti za wanawake na watoto huwa nyembamba kuliko za wanaume. Ndiyo maana baba mzee huweza kumwelewa mwanawe wa kiume na asimwelewe mkwewe anayempikia kila siku. Katika nyumba zisizojua jambo hili, maneno huanza: mzee anasikia anachotaka kusikia, mzee ana ubaguzi. Vilevile asipoitikia “marahaba” kwa kijana aliyemwamkia barabarani, huonekana ana majivuno.

Jambo jingine huwachosha sana watoto. Mzazi husema, “Ongeza sauti, sisikii.” Mtoto akiongeza, mzazi hukasirika: “Mbona unanipigia kelele?” Malalamiko yote mawili ni ya kweli. Baadhi ya seli za vinyweleo kazi yake ni kukuza sauti ndogo kabla hazijapokewa. Zikifa, sauti ndogo haisikiki kabisa, lakini sauti kubwa huendelea kuumiza kama zamani. Nafasi kati ya “sisikii” na “inaniumiza” hubaki finyu.

Vipimo, na mambo yasiyo uzee

Si kila mzee asiyesikia ana uziwi wa uzeeni. Nta iliyokauka na kuziba tundu la sikio ni sababu ya kawaida kabisa, na huondolewa na mhudumu wa afya kwa dakika chache. Kuichokoa kwa kijiti, ufunguo au pini ya nywele huisukuma ndani zaidi na huweza kutoboa ngoma ya sikio. Usaha, maumivu na tundu la zamani kwenye ngoma navyo vina matibabu yake. Mtu anayeamka asubuhi na kukuta sikio moja halisikii asisubiri hata kama ana miaka 80: uziwi wa ghafla ni dharura, na dawa zake hufaa zaidi zikitolewa siku za mwanzo.

Kipimo chenyewe hakina maumivu. Mtu huvalishwa visikizi katika chumba tulivu na kuonyesha kila anaposikia mlio. Matokeo huchorwa kwa desibeli. Kwa mpango wa WHO, anayeanza kusikia kabla mlio haujafika desibeli 20 husemwa anasikia kawaida. Kati ya 35 na 50 upungufu ni wa wastani. Kuanzia 65 ni mkubwa. Mazungumzo ya kawaida huwa kiasi cha desibeli 60.

Kutosikia huelekea kumtenga mtu. Huacha kwenda barazani, harusini, na hata msikitini au kanisani kwa sababu hotuba haimfikii. Tume ya jarida la kitabibu la The Lancet imeutaja upungufu wa kusikia miongoni mwa mambo yanayoongeza uwezekano wa kupata ugonjwa wa kusahau (dimensia) na ambayo yanaweza kurekebishwa. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2023, uliofuatilia watu 977 wenye umri wa miaka 70 hadi 84 kwa miaka mitatu, haukupata kwamba kifaa cha kusikia kilichelewesha kupungua kwa akili kwa kundi zima; kwa wale waliokuwa katika hatari kubwa zaidi, kasi ilipungua kwa karibu nusu. Hivyo mtoto asimtishe mzazi kwamba bila kifaa atapoteza akili. Utafiti haujasema hivyo.

Kwa nini wazee hukataa

Neno “mkaidi” hutumika upesi mno. Mara nyingi mzee anayekataa ana sababu, na sababu hizo hazifanani.

Ya kwanza ni kwamba hajui. Uziwi huu huja kidogokidogo kwa miaka mingi hata mwenyewe huuzoea, na aliyeacha kusikia nyenje hawezi kukumbuka ni lini alikoma. Kwake yeye ni watu wanaonong’ona siku hizi, na vijana hawana subira ya kutamka. Kumletea mtu huyo kifaa ni sawa na kumletea mkongojo mtu anayejiona anatembea sawasawa.

Ya pili ni aibu, na hii ina uzito kuliko vijana wanavyofikiri. Miwani humpa mtu sura ya msomi. Kifaa cha sikio hakijapata heshima hiyo, na neno “kiziwi” bado hutumika kama tusi. Kwa mzee ambaye ukoo humwita kuamua ugomvi wa mashamba au posa, kukiri kwamba hasikii ni kukiri kwamba hukumu zake huenda zilitolewa kwa maneno nusu. Anahofia kwamba vikao vitaanza kufanyika bila yeye, na mara nyingine hofu hiyo ni ya haki.

Wengine walishajaribu. Walinunuliwa dukani au mtandaoni kifaa ambacho hakikupimwa kulingana na masikio yao, kikakuza kila kitu kwa pamoja: vyombo, jenereta, majogoo, na sauti za watu. Kikapiga mluzi, kikaumiza sikio, kikaishia kwenye droo. Mzee wa namna hii anakataa kifaa kibaya alichokijua, na kumwambia kwamba hakuvumilia ni kumwonea.

Halafu kuna pesa. Kifaa kizuri ni ghali, na mara nyingi huhitajika viwili. Nchini Uingereza huduma ya afya ya taifa imekuwa ikivitoa bure tangu mwaka 1948; Afrika Mashariki mzigo huo kwa kawaida huangukia familia. Mama anayesema “mimi siku zangu zimekwisha, pelekeni hizo mkalipe ada za watoto” huenda anasikitika rohoni kwa kutosikia, lakini hesabu yake ni ya mzazi. Mwishoni kuna mikono inayotetemeka na macho yenye ukungu, ambavyo haviwezi kushika betri ndogo kuliko kifungo cha shati. Hilo mzee hulisema kwa nadra, ni rahisi zaidi kusema “sikitaki.”

Kubadili mazungumzo ya nyumbani

Mambo mengi yanayomsaidia mzee hayahitaji kifaa wala idhini yake, na ni afadhali familia ianzie hapa. Msemaji amkaribie, amwite kwanza kwa jina au cheo chake (“Baba”, “Bibi”), angoje ageuke, ndipo aseme. Uso uwe upande wa mwanga, kwa kuwa mzee husoma midomo bila kujijua. Anayezungumza na dirisha likiwa mgongoni pake, au akiwa ameziba mdomo kwa kitambaa, humnyima nusu ya maneno. Sauti iwe ya kawaida au juu kidogo, na mwendo upunguzwe. Kupiga kelele hukuza irabu ambazo tayari anazisikia na kupotosha umbo la midomo.

Neno lisiposikika mara mbili, lisirudiwe mara ya tatu vilevile. Libadilishwe. Badala ya “saa tisa” isemwe “saa tisa alasiri, baada ya kupumzika mchana”, na vidole tisa vionyeshwe. Badala ya “hatakuja” isemwe “daktari amesafiri, tumngoje Jumatatu.” Ratiba ya dawa na kliniki iandikwe kwa herufi kubwa na kubandikwa ukutani. Zipo pia programu za simu zinazogeuza maneno yanayosemwa kuwa maandishi papo hapo, ingawa hukosea, hasa watu wakisema kwa pamoja.

Televisheni izimwe wakati wa kula, au angalau ipunguzwe. Katika nyumba za sakafu ya saruji na paa la bati sauti hugongana sana. Mkeka, mapazia na viti vya vitambaa huzituliza. Kwenye mkusanyiko mzee akalishwe pembeni, mgongo wake ukiwa ukutani, ili asikie kutoka upande mmoja tu.

Neno baya kuliko yote kwa mtu asiyesikia ni “basi, achana nalo.” Wenzake wamecheka, ameuliza kuna nini, amejibiwa kwamba si kitu. Likirudiwa kwa mwaka mzima mzee huacha kuuliza, na familia husema amekuwa mkimya. Karibu na hilo ni tabia ya kumjibia kwa daktari akiwa ameketi palepale. Daktari aombwe azungumze naye mwenyewe, hata kama dakika zitaongezeka.

Kumshawishi, na mipaka yake

Mazungumzo kuhusu kifaa yafanywe na mtu mmoja, faraghani, mahali tulivu. Kikao cha watoto wote wakimzunguka mzazi humfanya ajitetee, naye akishasema hapana mbele ya watu, ni vigumu kurudi nyuma. Kwa familia nyingi anayefaa ni mjukuu au rika lake, hasa rika ambaye tayari anavaa kifaa na hakioni haya.

Kuuliza hufaa kuliko kueleza. Ni kipi anachokikosa? Huenda ni taarifa ya habari ya redioni, au mawaidha ya Ijumaa, au sauti ya binti aliyeko Muscat anayepiga simu mara moja kwa wiki. Akikitaja mwenyewe, kifaa hupata kazi moja anayoitaka. Kupimwa kunaweza kupendekezwa kwanza peke yake, sambamba na macho na presha, bila ahadi ya kununua chochote. Wengi hukubali kupimwa kabla ya kukubali kingine.

Ipo pia njia ya katikati. Kikuza sauti cha mkononi, chenye kipaza sauti kidogo na visikizi vya kawaida, ni rahisi na hakifanani na kifaa cha wagonjwa. Simu janja nyingi huweza kufanya kazi hiyohiyo zikiwekwa mezani mbele ya msemaji. Marekani iliruhusu vifaa vya kusikia viuzwe bila cheti cha daktari kwa watu wazima wenye upungufu mdogo au wa wastani kuanzia Oktoba 2022.

Mzazi mwenye akili timamu akikataa baada ya hayo yote, ana haki hiyo. Kumnunulia kwa siri, kumdanganya kwamba ni cha bure, au kuacha kumsemesha hadi akubali huharibu zaidi ya uziwi wenyewe. Mlango uachwe wazi. Wapo wanaokataa mwaka huu na kuuliza wenyewe mwaka ujao.

Anapokubali

Miezi ya mwanzo ndiyo huamua. Ubongo uliokaa miaka kumi bila sauti nyembamba huzipokea kama vurugu: mafuta yakichemka kikaangoni, ufagio uani, nyayo zake mwenyewe, mvua juu ya bati. Mzee aanze ndani ya nyumba tulivu, saa moja au mbili kwa siku, na mtu mmoja wa kuzungumza naye, kisha aongeze. Kumpeleka harusini siku ya kwanza ni njia ya hakika ya kukirudisha kwenye droo. Arudi kwa aliyekipima walau mara moja au mbili kirekebishwe. Anayeuza bila kupokea marejeo hafai. Mluzi kwa kawaida humaanisha kwamba kifaa hakikukaa vizuri au kuna nta. Na hata kikiwa kizuri hakirudishi masikio ya ujana, jambo ambalo muuzaji husahau kulisema.

Betri nyingi za vifaa hivi hutumia hewa: zikishabanduliwa karatasi yake huanza kuisha hata zisipotumika, na hudumu siku chache hadi wiki mbili hivi. Mahali ambapo betri ni adimu, kifaa cha kuchaji kinafaa zaidi. Huko Otse, Botswana, vifaa vya kusikia vyenye betri za kuchajiwa kwa nguvu ya jua vilianza kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mafundi wengi wakiwa viziwi wenyewe.

Pwani adui mkubwa ni unyevu na jasho. Kifaa kilazwe usiku ndani ya chombo kinachofungwa, chenye vipakiti vya kukausha kama vile vinavyowekwa kwenye maboksi ya viatu. Kivuliwe wakati wa kuoga, na kwa Waislamu wakati wa kutawadha, kwa kuwa masikio hupakwa maji. Hiyo ni mara kadhaa kwa siku, na kila mara ni nafasi ya kukipoteza. Mtandio au kofia inayosugua kipaza sauti huleta mkwaruzo unaokera, hivyo kifaa kijaribiwe mzee akiwa amevaa anavyovaa kila siku. Kikopo kimoja chenye kifuniko, kikae daima mahali pamoja karibu na birika la maji. Kifaa kinachotiwa mfukoni mwa kanzu huishia kwenye beseni la kufulia.